Radi Saba, Watu Watatu

Jumapili, 1 Septemba 1985

Nimeanza shajara. Bendi yetu ikishakuwa maarufu watu watataka kujua ilianzaje, na Uweso atasema uongo. Bora ukweli uandikwe mapema. Daftari nimelichukua kwa Mama, lilikuwa la vipimo vya nguo. Kurasa nne za mwanzo zina viuno vya majirani. Nimeziacha kama zilivyo.

Asubuhi amekuja Bi Praxeda, balozi wetu wa nyumba kumi hapa Usagara, Tanga mjini. Na yeye alikuja na daftari lake. Amekunywa chai bila sukari, kama sisi sote, kisha akasoma orodha ya vijana wa mtaa wasio na kazi. Orodha ina jina moja. Ayubu. Yaani mimi! Akasema agizo la Nguvu Kazi ninalijua: asiye na kazi mjini aende shamba. Mwisho wa mwezi anapeleka jina juu. Nikamwambia nina kazi, nina bendi. Akauliza kama bendi ina kibali. Nikajibu kwamba bendi ina mashabiki. Akaandika kitu, akafunga daftari.

Nilitegemea Mama atanitetea. Kumbe! Amesema kaka yake, Mjomba Jumbe wa Mkwaja, ana minazi mia mbili na hana mtu wa kumsaidia, tena hewa ya kule ni nzuri. Mkwaja! Kule hakuna hata nguzo ya umeme. Mtu wa roki akae Mkwaja afanye nini, awaimbie nazi?

Kwa hiyo kibali kipatikane kabla ya tarehe 30, au mimi ni wa kukwea minazi. Nimepiga mstari chini ya tarehe.

Bendi inaitwa Radi Saba. Tupo watatu. Shehzad anapiga gita, na ni gita la kweli, la umeme, alilotumiwa na mjomba wake aliyeko Kanada. Ndiye rafiki yangu tangu darasa la tatu. Baba yake ni Mzee Jaffer mwenye duka. Uweso anapiga ngoma, maana yake ngoma moja ya skauti, makopo mawili ya mafuta ya kupikia na mfuniko wa sufuria. Mimi naimba, napiga besi, na ni kiongozi. Besi yangu ni gita kavu nililolifunga nyaya za breki za baiskeli. Zilikuwa mbili, nikazikata zikawa nne. Mlio wake ni mzito sana. Baiskeli yenyewe, ya marehemu baba, sasa haina breki. Nasimamisha kwa malapa.

Uweso analipinga jina. Anasema watu watatu hawawi radi saba. Nimemweleza mara nyingi kwamba jina la bendi linatazama mbele. Uweso ana kazi kwenye kiwanda cha mikate na kitambulisho chenye picha, ndicho kinachompa jeuri.

Jumanne, 3 Septemba

Nimekwenda ofisi ya utamaduni. Nimekaa kwenye benchi saa mbili na nusu. Afisa ni Bwana Luka, mtu wa Lushoto, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni na muhuri. Amesema kwanza nyimbo zote zipigwe chapa, nakala tatu. Halafu lazima aione bendi kwa macho yake, jukwaani, mbele ya wananchi. Na afanye hivyo kabla ya Jumapili tarehe 22, siku anayoanza likizo ya mwezi mzima. Akaniuliza roki ni ngoma ya kabila gani. Nikasema ya vijana. Akaandika: mchanganyiko.

Nikatoka hapo moja kwa moja hadi Raskazone kutafuta ukumbi. Nilitaka kusimama getini, nikasimama ndani ya michongoma. Mtunza ukumbi akanitoa. Akaniambia Jumamosi zote zimeshikwa na Wahindi, harusi juu ya harusi, watu wanaandika majina tangu mwaka jana. Kabla ya likizo ya Bwana Luka imebaki Jumamosi moja tu, tarehe 21. Hiyo hakuna Mhindi hata mmoja aliyeigusa. Bahati gani hii! Mtunza ukumbi mwenyewe alishangaa nilivyoirukia. Sikumwuliza kwa nini iko wazi. Ukianza kuuliza maswali, mwingine anaingia nyuma yako na kuichukua.

Alitaka dhamana mpaka nilipe. Nimemwachia redio ya Mama. Mama anajua iko kwa fundi.

Shehzad simwambii. Nataka kumshangaza. Uweso nimemwambia na nimemwapisha.

Alhamisi, 5 Septemba

Leo nimewazidi watu akili.

Wimbo wetu mkubwa ni "Mpenzi Usiniache". Nimeutunga mimi. (Uweso anasema ametoa ubeti mmoja. Ametoa neno moja.) Nimeupeleka ofisini ukapigwe chapa. Kristina mpiga chapa akausoma, akaniambia mapenzi mwezi huu hayapiti, huu ni msimu wa kutayarisha mashamba na Bwana Luka anataka nyimbo za uzalishaji. Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nikaomba penseli. Kila palipoandikwa mpenzi, nikaandika jembe.

Jembe usiniache, nitakufa. Jembe, tangu nikuone sili wala silali. Jembe, baba yako amenikataa, lakini mimi nitakungoja. Kristina alipiga chapa yote bila kucheka. Ana nidhamu ya kazi yule dada.

Bwana Luka aliusoma mara mbili. Akavua miwani. Akasema mashairi ya kilimo amesoma mengi lakini wimbo huu una uchungu wa kweli. Amegonga muhuri nakala zote tatu.

Jumanne, 10 Septemba

Mazoezi. Tunafanyia kwenye ghala la Mzee Jaffer, nyuma ya duka. Ghala hili lilikuwa tupu miaka mingi, tangu bidhaa zilipoadimika, na ndiyo maana lilikuwa na mwangwi mzuri kuliko jengo lolote mjini. Sasa serikali imetoa ruksa, mwenye pesa zake nje aagize mali. Kila wiki yanaingia maboksi. Sabuni! Dagaa wa kopo! Khanga! Watu mjini wanafurahi. Hakuna anayefikiria mwangwi. Leo nimeimba nikiwa nimebanwa kati ya sabuni na nyanya za kopo, na sauti ikaishia kwenye boksi.

Amplifaya bado iko vizuri. Ni ya imambara, pale jamaa zake Shehzad wanapofanyia majlisi zao za dini. Shehzad ndiye fundi wao wa kujitolea, na mwaka mzima anaitunza ghalani ili isiingie unyevu. Sisi tunaipasha moto jioni nne kwa wiki. Ina ugonjwa mmoja: ikijisikia inanyamaza, mpaka uipige kwa kiganja upande wa kushoto, chini, si kwa nguvu. Mkono huo ninao mimi peke yangu. Hata Shehzad hawezi.

Jambo kubwa: Shehzad ameleta majora mawili ya kitambaa cheusi. Ameyaweka juu ya sabuni, hakusema ya nini. Ni mapazia ya jukwaa! Amejua siri, anataka kunishangaza na yeye. Nilikaribia kumkumbatia. Nimejikaza, nisimharibie.

Nimeandika matangazo kumi na mawili ndani ya maboksi matupu. RADI SABA. MUZIKI MKALI. JUMAMOSI 21, SAA TISA ALASIRI. Herufi nyekundu.

Jumatano, 11 Septemba

Nimemwomba Shehzad mita tatu za kile kitambaa cheusi, ili Mama anishonee shati. Sare ya bendi lazima ifanane na pazia. Aliweka mkasi chini. Akauliza kama kweli nataka kuvaa. Nikasema kwa siku kama ile ningeona aibu kuvaa rangi nyingine. Akanishika bega. Akasema miaka yote hii hakujua kama najali. Machozi yalimlengalenga. Akanikatia mita nne.

Sikujua kama Shehzad anachukulia onyesho kwa uzito namna hii. Nina rafiki wa kweli. Nimerudi nyumbani nikiimba, nikagonga uzio wa Bi Praxeda. Uzio umelala.

Jumatatu, 16 Septemba

Nilisema ukweli uandikwe, basi na huu naandika.

Jana, jua linazama, nilikwenda mazoezini na shati langu jeusi. Nikamkuta Shehzad na shati jeusi. Nikafurahi. Nikamkuta Mzee Jaffer na kanzu nyeusi. Hapo nikaanza kujiuliza bendi imekuwa ya watu wangapi. Mzee nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku ananitazama kuanzia kola mpaka pindo, akaniwekea mkono kichwani, akaniombea dua. Nyuma yake Shehzad alikuwa anaipandisha amplifaya kwenye mkokoteni.

Nikamwambia amewahi mno, onyesho ni Jumamosi.

Akauliza onyesho gani.

Nikamweleza yote. Afisa, ukumbi, matangazo, bahati. Nilipokuwa naeleza nikaona uso wake unafunga kidogo kidogo, kama duka saa sita mchana. Alisubiri nimalize. Akasema mwezi umeandama, ni Muharram. Kuanzia sasa hakuna gita, hakuna harusi, hata redio nyumbani kwao imefunikwa kitambaa. Miezi miwili na siku nane. Wanamwomboleza mjukuu wa Mtume. Ndiyo maana ya nyeusi. Ndiyo maana ya ukumbi kuwa wazi. Alidhani hayo yote nayajua. Alidhani nimevaa kwa ajili hiyo.

Siku nane zinatoka wapi sikuelewa, lakini haikuwa saa ya kuuliza.

Nikasema kwani saa moja tu itapunguza nini. Akauliza, kwetu kukiwa na msiba, yeye aje aniombe nipige besi saa moja tu? Hapo nikasema neno moja kuhusu msiba wa siku nyingi. Neno lenyewe siliandiki. Shehzad akaufunga mkokoteni kamba, akausukuma, akaenda. Sijawahi kumwona akiondoka bila kuniaga tangu darasa la tatu.

Nimeona aibu mpaka masikio. Hata sisi Waislamu wa kwetu siku ya Ashura, ya kumi ya Muharram, tunafunga! Lakini pia naona wenye ukumbi wangeweka kibao.

Jumanne, 17 Septemba

Nimekwenda kwa Bwana Luka kuomba siku isogezwe. Haisogei. Tikiti ya basi la Lushoto ameshakata.

Nikaenda kwa Bi Praxeda kuomba kipaza sauti cha ofisi ya tawi. Nikaanza kwa kuusimamisha uzio wake. Akasema kipaza sauti kiko kwenye gari, kinazunguka na kampeni za uchaguzi mpaka mwezi ujao. Ila kwa vile sasa ameona ninahangaika kama mtu mwenye kazi, atakuja mwenyewe Jumamosi, na ataleta nyumba zote kumi. Ni agizo, asiyekuja ataandikwa.

Uweso anasema tatizo liko kwenye uongozi. Anasema yeye angekuwa kiongozi angeuliza. Nikamkumbusha kuwa hata yeye hakujua. Akasema hakujua kwa sababu si kiongozi.

Alhamisi, 19 Septemba

Nimepata njia. Nilikwenda imambara jioni na shati langu jeusi. Mpango ulikuwa huu: nikae kwa adabu, Shehzad anione, moyo umlainike, nimwombe tena.

Walinipokea kama mtoto wa nyumbani. Nikapewa mahali karibu na ukuta. Mzee Jaffer akawaambia wenzake kuwa kijana huyu wa kwa jirani ameshona nyeusi mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Wazee wakanishika mkono mmoja mmoja. Nilitamani kupotea. Shehzad alikuwa upande wa pili, kwenye amplifaya, hakunitazama.

Shehe wao akaanza kusoma habari za Karbala, alikouawa huyo mjukuu wa Mtume. Kiu ya watoto. Niseme ukweli, mwanzoni nilikuwa nawaza kibali, lakini alipofika kwenye mtoto mchanga na maji, nikasahau kibali. Nikalia. Mimi! Ghafla sauti ikakatika. Amplifaya imenyamaza. Shehzad akazungusha vitufe, akachomoa, akachomeka. Kimya. Watu mia tatu wanangoja. Nikajikuta nimesimama. Nikapita katikati yao, nikapiga magoti, nikaitia kiganja upande wa kushoto, chini. Ikarudi. Mtu nyuma yangu akasema mashallah.

Baada ya majlisi tukala pilau. Nimekula sahani tatu. Mzee Jaffer akaja mwenyewe, akanishukuru mbele ya watu, akasema leo nimewafaa sana, niseme nataka nini, kilicho kwenye uwezo wake atanipa. Na Shehzad alikuwa nyuma yake, anatabasamu! Kidogo, lakini anatabasamu. Yamekwisha, nikajua yamekwisha.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema hataki kitu, Mzee.

Nikaomba amplifaya Jumamosi, saa tisa mpaka saa kumi.

Mzee alidhani nina majlisi kwetu. Akauliza nani atasoma. Nikasema nitaimba mimi. Sahani ya mtu mmoja ilianguka. Shehzad akanishika mkono, akanitoa nje taratibu, akanikabidhi baiskeli yangu. Hakuwa na hasira. Alionekana amechoka. Akaniuliza, Ayubu, wewe huwa unasikia unachoambiwa? Nikasema nasikia. Akarudi ndani.

Ijumaa, 20 Septemba

Shehzad amekuja nyumbani baada ya swala. Nilikuwa uani nafunga besi. Hakukaa. Amesema baba yake hajakasirika, anadhani nina homa. Akanipa kifurushi kidogo. Nyaya mbili mpya za breki, ndani ya karatasi ya mafuta, zimetoka kwenye maboksi ya juzi. Akasema nizitie kwenye baiskeli kabla sijaua mtu, hasa Bi Praxeda. Akasema anajua habari za Mkwaja, ananiombea kibali kitoke, na angeweza angepiga. Nikaomba radhi kwa lile neno. Akasema limekwisha.

Nikamwambia bila yeye bendi ni kelele tu. Akasema hata akiwepo ni kelele, lakini za watu watatu. Tukacheka. Nimefurahi sana leo, nimefurahi kuliko siku nyingi.

Nyaya ni nzuri mno. Zinang'aa. Nimezitia kwenye besi.

Jumamosi, 21 Septemba

Onyesho.

Waliohudhuria: nyumba kumi zote za Bi Praxeda, wamekaa kwa mpangilio wa nyumba. Bwana Luka, mstari wa mbele, begi la safari ya kesho tayari miguuni. Mama. Mtunza ukumbi. Wavulana wawili walioingia kwa makosa wakadhani kuna sinema.

Gita hakuna, amplifaya hakuna. Uweso alikuja na shauri: mtungi mkubwa wa maji wa shangazi yake. Ukiimba ukiwa umeingiza mdomo ndani, sauti inakuwa kubwa. Nilikataa, kisha nikakubali. Sauti ilitoka kama ya mtu aliyetumbukia kisimani. Besi hakuna aliyeisikia, hata mimi. Uweso aliyapiga yale makopo kama mtu anayefukuza nyani shambani. Wimbo wa kwanza ulipokwisha hakuna aliyepiga makofi. Bi Praxeda akageuka nyuma na daftari. Wakapiga makofi.

Wimbo wa pili ulikuwa "Jembe Usiniache". Nilikuwa nimebaki na nusu ya sauti. Nikautoa mdomo kwenye mtungi, nikaimba kavu. Nilimfikiria Shehzad yuko upande wa pili wa mji, na gita limefunikwa. Nikamfikiria Mjomba Jumbe na minazi yake. Nikaimba jembe usiniache mpaka koo likauma. Bibi mmoja wa nyumba ya saba akatoa leso. Uweso akasahau kupiga. Nilipomaliza, wakapiga makofi kabla Bi Praxeda hajageuka.

Bwana Luka akasimama. Akasema kibali kimetoka! Muhuri anatembea nao mfukoni. Akaomba karatasi na mtu mwenye mwandiko mzuri, Uweso akajitokeza haraka mno, wakakaa pembeni kujaza fomu. Mimi nilibebwa juu juu na watu wa nyumba ya nne. Ushindi! Sikwei minazi mimi!

Jumapili, 22 Septemba

Nimekisoma kibali leo, jana nilikuwa na furaha ya kutosha bila kusoma.

Jina la kikundi: Radi Saba (watu 2). Kiongozi: Uweso. Aina ya kikundi: hamasa ya kilimo. Maelezo: mwimbaji Ayubu ana kipaji adimu cha kuwafanya wananchi wapende jembe, na kwa hiyo anapangiwa kazi katika kijiji chenye upungufu wa nguvu kazi, awaimbie wakulima asubuhi kabla ya kwenda shamba, na ashiriki nao kwa mfano. Kituo: Mkwaja. Kuripoti: tarehe 30 Septemba.

Nimekwenda mbio ofisini. Jumapili, pamefungwa. Nimekwenda stendi. Basi la Lushoto limeondoka. Nilikuwa kwenye mwendo mzuri nikiteremka kutoka stendi, nikaona uzio wa Bi Praxeda, nikakumbuka kuwa nyaya ziko kwenye besi.

Bi Praxeda ameufuta mstari wenye jina langu mbele yangu, huku mimi bado nimelala kwenye uzio. Amesema sasa mtaa wake hauna kijana asiye na kazi. Alikuwa na furaha ya kweli, yule mama.

Jumapili, 13 Oktoba. Mkwaja

Wiki tatu bila kuandika. Mikono ina malengelenge.

Kila alfajiri nawaimbia wakulima kumi na mmoja. Wanasikiliza kwa heshima, kisha Mjomba Jumbe ananipa jembe lenyewe. Anasema nilivyolisifu vile, si haki kutenganishwa nalo. Mama ameandika kwamba mtaa mzima unaniulizia, na redio bado haijarudi kutoka kwa fundi. Uweso ameandika barua ya kikazi, ukurasa mzima, sahihi yake ina neno Kiongozi kwa wino mwekundu.

Shehzad naye ameandika. Amesema ghala limejaa mpaka dari, baba yake ananiulizia hali, na amplifaya ilinyamaza tena katikati ya majlisi, wakanikumbuka. Amesema akivua nyeusi atachukua gita na basi, atakuja mpaka Mkwaja tupige chini ya taa ya chemli. Barua nimeisoma mara nne. Ukurasa wa pili ulikuwa na maelezo mengi ya tarehe, nimeupitia juu juu, nilikuwa na haraka ya kufika mahali aliposema ananikumbuka.

Lakini aje Mkwaja kwa nini? Mimi si mtu wa kukaa nikangojea. Nimejifunza makosa yangu. Kosa langu lilikuwa moja tu: sikutazama kalenda. Safari hii nimeitazama. Mjomba anayo ukutani, ina miezi yote ya Kiislamu. Muharram unaisha keshokutwa, tarehe 15. Nimehesabu kwa kidole, mara mbili. Baada yake ni Safar, mwezi wa kawaida kabisa.

Alhamisi nilipewa ruhusa kwenda Tanga kuchukua mbegu. Nikapita Raskazone. Na hii ndiyo sehemu ambayo hata mimi nashindwa kuiamini: Jumamosi ya tarehe 2 Novemba, ukumbi uko wazi! Na ile ya baada yake, wazi! Mtunza ukumbi anasema Wahindi hawajaandika jina hata moja. Mtu mmoja, bahati mara mbili!

Nimechukua. Matangazo ishirini, safari hii nimeandika kwa herufi kubwa zaidi: RADI SABA, NA GITA LA SHEHZAD JAFFER. Jina lake kamili, ili baba yake aone fahari. Nimeanza kuyabandika pale pale mtaani kwao, mlango wa imambara nimebandika mawili.

Dhamana ni cherehani ya Mama. Anajua iko kwa fundi.

Shehzad simwambii. Nataka kumshangaza.